Deni la Msimuliaji

Mwaka 1697, Charles Perrault alichapisha huko Ufaransa hadithi ya binti mwenye kofia nyekundu. Kwake, mbwa mwitu anamla bibi, kisha anamla binti, na hadithi inaisha hapo. Mwaka 1812, ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha toleo lenye mwindaji aliyelipasua tumbo la mnyama, bibi na mjukuu wakatoka wazima. Mwaka 1979, Mwingereza Angela Carter akaandika binti anayemcheka mbwa mwitu.

Nani kati yao ni mwizi? Kwa kuazima tu, nadhani hakuna. Kila mmoja alijibu upya swali lile lile: binti akikutana na hatari, nani atamwokoa? Perrault anasema hakuna, akina Grimm wanasema mwanamume, Carter anasema ni yeye mwenyewe. Kisa ni cha wote, jibu ni la mwandishi.

Lakini kuna deni jingine. Akina Grimm walisimuliwa hadithi hiyo na dada wawili wa Kassel, Jeannette na Marie Hassenpflug. Kitabu kikatoka kwa jina la akina Grimm.

Hapo nashindwa kuwanyooshea kidole. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili niliandika hadithi fupi kutokana na kisa alichonisimulia bibi yangu. Nilibadilisha mwisho, na wenzangu darasani wakasifu ubunifu wangu. Nilishukuru, sikumtaja bibi.

Mwisho ule ulikuwa wangu kweli. Wizi ulikuwa kwenye kule kunyamaza.