Moshi Si Hodi

Kila mwaka, mvua zikishakatika, vijana huja kwangu hapa Sikonge kujifunza kufuga nyuki, na kila mwaka hakosi mmoja wa kuniuliza kama ni lazima anunue bomba la moshi. Zamani lilikuwa swali la fedha. Bomba, glovu, gambuti na kofia ya wavu ni gharama kwa mtu ambaye bado hajauza hata chupa moja ya asali. Siku hizi swali limegeuka. Kijana ana simu, na kwenye simu ameona Wazungu wamesimama juu ya mzinga uliofunuliwa, mikono mitupu, nyuki wakiwatembea vidoleni. Ananiambia, “Mama, kumbe inawezekana kwa upole tu. Sasa kuwafukiza moshi si kuwaonea?”

La kwanza nalijibu papo hapo: nunua, mwanangu. La pili linanikalisha chini, maana ni swali la dini kabla halijawa la ufugaji.

Tuangalie kwanza moshi unafanya nini. Nyuki walinzi mlangoni wakishtuka hutoa harufu ya hatari. Ukiwa karibu unainusa mwenyewe, ni harufu ya ndizi mbivu. Wenzao wakiipata hutoka kwa mamia. Moshi huwapunguzia nguvu ya kuipokea harufu ile kwa dakika chache. Tena nyuki wakihisi moshi hujitia vichwa ndani ya masega na kunywa asali kwa pupa, tayari kuhama nayo kama nyumba itaungua. Wakishashiba wanapoa, na hamu ya kudunga hupungua.

Lakini msitu hauungui. Kwa hiyo kijana hakukosea kusumbuka. Tunampelekea kiumbe habari ya moto usiokuwepo, tunamzibia masikilizano na wenzake, kisha tunamchukulia chakula alichojiwekea. Anayefanya hivyo pasipo kujiuliza lolote ndiye anayenitia shaka.

Wazee wengi wa kazi hii wana jibu lao. Husema moshi ni hodi: unapuliza mlangoni, unawajulisha umekuja, ndipo unaingia. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo na ni neno tamu, ila halisimami. Hodi ina adabu yake. Unabisha mara tatu. Ukikaribishwa unaingia, usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Sisi tukipuliza na kusikia mzinga umeanza kunguruma, hatugeuki kwa sababu wenyewe hawajaturuhusu. Tunaongeza moshi. Na siku tukiufunga mzinga tukaondoka, tunaondoka kwa kuhofia ngozi zetu, na kesho yake tunarudi. Hodi isiyoweza kukataliwa ni kuingia kwa nguvu, na nguvu ni bora iitwe nguvu, ili mwenye kuitumia ajue kwamba ana la kujibu.

Sasa, nguvu hiyo inajuzu? Mimi ni Muislamu, na nyuki kwetu si mdudu wa hivi hivi. Sura ya 16 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake, An-Nahl, na aya ya 68 na ya 69 zinaeleza kwamba Mola ndiye aliyemfundisha pa kujenga nyumba, hata katika wanavyovijenga watu, na kwamba kinywaji kinachotoka tumboni mwake kina tiba kwa wanadamu. Ndiyo maana sioni haya kutundika mzinga wala kurina. Asali ina fungu letu. Lakini fungu si ruhusa ya kukomba.

Zipo pia hadithi mbili katika mkusanyo wa Abu Dawud ambazo huwasimulia wanafunzi wangu kabla hawajagusa kiberiti. Moja inakataza kuua viumbe wanne, na nyuki yumo pamoja na chungu na hudihudi. Nyingine ni ya siku masahaba walipochoma makazi ya chungu, na Mtume akawafundisha kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto peke yake. Wanazuoni wana mengi ya kusema juu ya mipaka ya hadithi hizi, na mimi si mwanazuoni. Nazichukua kama mfugaji, na kwa mfugaji zinabana pande zote mbili.

Upande wa kwanza unambana anayekataa moshi. Mwiba wa nyuki kibarua una vijino vinavyonasa kwenye ngozi yetu. Akijaribu kujichomoa unang'oka pamoja na sehemu ya tumbo lake, naye anakufa. Kila ulipodungwa, amekufa mmoja. Na alipodunga ameacha ile harufu ya ndizi kwenye nguo yako, inayowaita wengine waje kufa mahali palepale. Nyuki wetu hawa wa miombo ni wakali kwa haki. Tangu zamani wameishi na nyegere, na moto wa msitu, na binadamu mwenye shoka. Anayefungua mzinga wao mikono mitupu kwa jina la upole hasameheki kwa sababu ameumia na yeye. Anaamka na uvimbe wa siku mbili. Wao wanafagiwa chini ya mzinga. Upole ambao gharama yake wanalipa wengine ni wa kujionyesha.

Upande wa pili unambana aliyezoea mwenge. Warina asali wa kubahatisha hufunga nyasi kavu, wakawasha, wakapanda mti. Moto huunguza mbawa, huunguza majana ndani ya masega, mara nyingine na malkia, na cheche zikianguka kiangazi msitu nao huenda. Bomba la moshi ni moto uliotiwa kifungoni: kopo la bati, kiriba cha kupulizia, mdomo mwembamba. Mmarekani Moses Quinby ndiye aliyelipa umbo la mkono mmoja kupuliza na mwingine kufanya kazi, katika miaka ya 1870. Ila kufukiza kwenyewe ni kwa kale mno. Ndani ya kaburi la waziri Rekhmire huko Misri, lenye umri wa zaidi ya miaka 3,400, pamechorwa mtu ameshika chombo kinachofuka mbele ya mizinga.

Basi moshi ni dharura, na mafakihi wana kanuni kuwa kilichoruhusiwa kwa dharura hakivuki kiasi cha dharura yenyewe. Hapa ndipo ninapowakazania wanafunzi, maana kiasi hakifundishwi kwa maneno ya jumla. Nawaambia: tia mavi makavu ya ng'ombe au magunzi, washa kwa chini, puliza taratibu mpaka yakolee, kisha funika juu kwa majani mabichi kidogo. Usitie nailoni wala tambara lenye mafuta. Elekeza moshi nyuma ya kiganja chako. Ukikuchoma, utawachoma na wao. Njoo jioni. Puliza mara mbili au tatu mlangoni, simama kando, subiri. Sikiliza mvumo ushuke. Chagua sega lililofunikwa nta karibu lote, lenye majana liache, na asali ya kuwatosha kiangazi iache. Ukizidisha moshi, asali itanuka na mnunuzi ataikataa, na nyuki wenyewe wanaweza kuhama moja kwa moja. Mchovya asali hachovyi mara moja, kwa hiyo mwenye nia ya kurudi ana sababu mbili za kuwa na kiasi: amali yake na mfuko wake.

Na wale Wazungu wa kwenye simu? Hawadanganyi. Nyuki wao wamechaguliwa kwa upole wao vizazi kwa vizazi. Ndugu Adam, mtawa wa Kibenedikti wa abasia ya Buckfast huko Uingereza, aliifanya kazi hiyo karibu maisha yake yote. Hata hivyo wengi wao nao bomba lipo kando, nje ya picha. Wabrazili wanajua zaidi: nyuki wa Afrika waliopelekwa kwao mwaka 1956 walipotoroka na kuenea, wafugaji walilazimika kutafuta mabomba makubwa kuliko ya awali.

Kwa hiyo anayeanza anahitaji bomba kuliko mimi niliyezeeka nalo. Mkono wake bado unatetemeka, anagonga fremu, anavunja masega, na kila kishindo chake kina mauti ndani yake. Lakini ninamtaka awe na swali la kujiuliza kabla ya kuwasha: leo kuna haja gani ya kuufungua mzinga huu? Kama ni shauku tu ya kuona, au rafiki amekuja na kamera, hapo dharura haipo, na pasipo dharura hata pumzi moja ya moshi ni nyingi. Wengi wakijiuliza kwa kweli, hugundua kwamba siku nyingi kazi ya mfugaji ni kufyeka nyasi chini ya mizinga, kuwawekea nyuki maji, kuwazuia siafu, na kurudi nyumbani bomba likiwa baridi.