Kumpiga Asiyekuwepo

Soma 2 Samweli 2:12–17. Mathayo 5:21, 22. 1 Wakorintho 9:24–27.

Ni Ijumaa, dakika chache kabla ya machweo. Kijana wa miaka kumi na sita ameketi barazani na simu mkononi. Kwenye kioo wapiganaji wawili wanarushiana mateke. Wamechorwa kwa pikseli, vile vijisanduku vya rangi vinavyoonekana kimoja kimoja, kama michezo ya mashine za zamani. Juu yao kuna mistari miwili ya uhai, na kila pigo likifika mstari mmoja unafupika. Baba yake, mzee wa kanisa, anamwambia aache kuua watu. Kijana anajibu bila kuinua macho: "Baba, hawa si watu."

Katika nyumba nyingi mazungumzo huishia hapo, baba akiamini mwanawe amepotea, mwana akiamini baba haelewi kitu.

Kijana amesema kweli. Amri ya sita inalinda uhai wa mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na pikseli haina pumzi. Kumwita muuaji mtu ambaye hajaua ni kuikaribia amri ya tisa. Lakini jibu lake halijamaliza swali.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko kijana mwenyewe. Mchezo wa Street Fighter II ulitoka mwaka 1991, na Mortal Kombat mwaka 1992, katika mashine zilizochezwa kwa sarafu. Mortal Kombat ulipoingia majumbani mwaka 1993, toleo la mashine ya Nintendo lilibadilisha damu kuwa jasho, na lile la Sega liliificha damu hadi mchezaji aingize msimbo. Desemba mwaka huo maseneta wa Marekani waliliita suala hilo mbele yao, na mwaka 1994 kikaundwa chombo cha kuweka alama za umri kwenye michezo. Alama hizo zina faida, na mzazi azisome. Hata hivyo, jasho likikaa mahali pa damu, kidole kinabonyeza palepale na kichwa kinachopigwa ni kilekile. Kilichobadilika ni kile jicho linachokiona tu.

Yesu alianzia mbali zaidi. Katika Mathayo 5 anaufuata uuaji hadi kwenye hasira na dharau, kabla mkono haujainuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana si kama kuna damu. Aulizwe: ukishindwa mara ya tatu, ni neno gani linakutoka? Mdogo wako akija kukuomba umsaidie kubeba maji wakati pambano limekaza, anajibiwa na nani? Na ukicheza kwa intaneti dhidi ya mtu mwingine, yule unayemtukana si pikseli tena. Ana jina na ana mama. Hapo yule "asiyekuwepo" yupo.

Paulo hakuogopa mfano wa mapigano. Aliwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na michezo mikubwa ya Isthmia, naye akajilinganisha na mpiga ngumi. Lakini anasema hapigi hewa. Anayetiishwa ni mwili wake mwenyewe. Kwenye simu ni kinyume. Mpiganaji wa rangi anaongezewa nguvu kila siku, na mwenye simu amekaa palepale, shingo imeinama. Haki idai pia kusema kwamba aliyefanya kazi tangu asubuhi akacheza dakika kumi hajatenda uovu. Ellen White, katika kitabu chake kuhusu elimu cha mwaka 1903, alitofautisha burudani inayomjenga mtu upya na anasa inayotafutwa kwa ajili ya anasa tu. Kipimo hicho kinaihukumu simu, na kinaihukumu pia televisheni ya baba, jambo ambalo wazee wengi hulipita haraka.

Maandiko yana mchezo wa kupigana, nao unatisha. Penye bwawa la Gibeoni, Abneri na Yoabu waliketi, huyu upande huu na huyu upande ule. Abneri akapendekeza vijana wainuke wacheze mbele yao, na Yoabu akakubali. Wakainuka kumi na wawili kwa kumi na wawili, wakaanguka wote pamoja. Wale vijana walikuwa watu kweli, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini angalia ni nani wanaotajwa kwa majina: wale walioketi. Walioanguka hawatajwi hata mmoja.

Leo pia kuna walioketi. Michezo mingi ya namna hii hupakuliwa bure, na faida hutoka kwenye matangazo na manunuzi madogomadogo ndani ya mchezo, kwa hiyo kuna mtu ananufaika kijana asipoinuka. Yupo pia mzazi aliyempa mtoto simu ili nyumba itulie, na kanisa lililompangia Sabato nzima ya kukaa kimya.

Jua limefika ukingoni. Baba bado amesimama barazani, na mstari wa uhai wa mpiganaji mmoja umebaki kidogo sana.

Maswali ya Kujadili

Baba aseme nini sasa, ambacho kijana atainua macho kukisikia?

Soma Isaya 58:13. Darasa lenu limewaandalia nini vijana baada ya chakula cha mchana siku ya Sabato?

Ni burudani gani yako ambayo ungeona aibu kuipima kwa 1 Wakorintho 6:12 mbele ya mwanao?