KITASA GANI CHA KUAMINIWA?

Katika miji yetu ya mashariki watu wengi wameanza tena kuweka feza nyumbani. Kuweka nyumbani kuna hatari zake. Mwisho wa mwaka 1979 noti za zaire 5 na za zaire 10 ziliondolewa ghafula, na wengi waliozificha katika godoro wakabaki na karatasi tu. Lakini mwaka 2025 mambo yaligeuka: mabenki ya Goma na ya Bukavu yalifunga milango, na mwenyi akiba benki akakosa hata ya kununua unga. Ndiyo maana mtu akipata kidogo hutafuta sanduku la chuma, na muuzaji humwuliza: Wataka la gurudumu ao la vibonyezo?

Swali hilo laonekana kuwa la fundi tu. Kwa kweli ndani yake mna swali jingine, zito kuliko chuma chenyewe: nani ana haki ya kujua siri ya nyumba yako?

Kwanza tufahamu vitu vyenyewe. Kitasa cha gurudumu kina kisahani chenye alama kutoka 0 mpaka 99. Nyuma yake, ndani ya mlango, mna visahani vitatu, na kila kimoja kina pengo moja. Ukizungusha kushoto, kulia, tena kushoto, ukisimama kwenye namba zako tatu, mapengo yote hulingana, kijiti huangukia humo, na komeo hurudi nyuma. Hakuna umeme wala betri. James Sargent wa Rochester, Marekani, alitengeneza mwaka 1857 kitasa cha namba ambacho mwenyewe aliweza kukibadilisha namba, na wajukuu wa kitasa hicho wangali kazini. Kitasa cha umeme, kwa kawaida, chataka tarakimu sita. Ukibonyeza zilizo sawa, kichwa kidogo cha umeme kilicho ndani chaamuru komeo liachiliwe. Watu huogopa kwamba betri ikiisha namba itapotea. Si hivyo. Namba hukaa ndani, na katika vitasa vingi betri ya volti 9 hubadilishwa kwa nje.

Kwa hesabu ni ndugu wawili: namba tatu za mia mia ni namna 1,000,000, na tarakimu sita vilevile. Lakini gurudumu husamehe kidogo, likakubali namba ya jirani, kwa hiyo namna za kweli ni chache zaidi. Kitasa cha umeme hakisamehi, na ukikosea mara kadhaa hujifunga kwa dakika chache. Hapo chapita kingine. Ila tazama vibonyezo vyake baada ya mwaka: kama sita vimechakaa na vinne vyang'aa, mwizi ana namna 720 tu za kujaribu. Mambo hayo sitayachelewea. Ni ya kufuta kwa kitambaa na kubadilisha namba.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa nane mwaka 2023, askari wapelelezi wa FBI huko Marekani walikwenda kupekua nyumba ya mtu mmoja katika jimbo la Arkansas, aliyeshtakiwa kwa fujo za Bunge la nchi ile za mwaka 2021. Walikuwa na kibali cha hakimu. Walikuta sanduku la chuma la kampuni ya Liberty Safe, wakaiomba kampuni, nayo ikawapa namba ya kulifungua. Wanunuzi wengi walishtuka. Walidhani namba yao ni yao peke yao, kumbe kiwandani kulikuwa na namba ya pili. Baadaye kampuni ilisema kwamba mwenyi kutaka aweza kuomba namba hiyo ifutwe katika vitabu vyake.

Mimi sigombani na hakimu. Mwenyi amri ya kupekua angeweza kulitoboa sanduku lile kwa keekee, wala mtu asingeona ajabu. Nagombana na ukimya wa muuzaji. Watu wengine humtetea, wakisema: kampuni huweka namba ya pili kwa wema, kwa maana wateja husahau. Ni kweli wateja husahau. Lakini tuseme jirani yako anao ufunguo wa pili wa nyumba yako. Ukiwa ulimpa wewe, huyo ni rafiki. Ikiwa aliuchonga bila kukuambia, basi hata kama hajaingia siku moja, hata kama anaungoja moto tu ili akuokolee watoto, amekwisha kukunyang'anya kitu: uwezo wa kumkubali ao kumkataa. Wema usioulizwa huwa ni utawala. Tena ufunguo uliopo waweza kuibwa. Mwaka 2024 seneta Ron Wyden wa Marekani aliionya serikali yake juu ya namba hizo za viwandani, kwa sababu mpelelezi wa nchi ngeni akizipata atafungua masanduku mengi.

Je, basi gurudumu ni takatifu? Hapana. Mwanafizikia Richard Feynman, alipofanya kazi ya bomu la atomu kule Los Alamos wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijifunza kufungua makabati ya siri ya wenzake, naye mwenyewe alilisimulia. Wengine waliacha namba ya kiwandani kama ilivyokuja. Wengine walichagua tarehe, ao hesabu mashuhuri ambayo kila mwanafizikia aijua. Na kabati likiwa wazi, aliweza kusimama akiongea huku akichezea gurudumu, akazipata namba mbili za mwisho. Chuma kilikuwa chema. Watu ndio walioacha mlango. Hata fundi akubadilishiaye namba aijua, usipojifunza kuibadilisha mwenyewe, mlango ukiwa wazi, na kuijaribu mara nyingi kabla ya kufunga.

Mtu akiniuliza, namwambia achukue la gurudumu, kwa sababu akiisha kubadilisha namba mwenyewe, hakuna kiwanda kinachoijua. Kwa mzee ambaye macho yamefifia, ao duka linalofungua sanduku mara kumi kwa siku, vibonyezo vinafaa zaidi. Ila kabla ya kulipa amwulize muuzaji wazi: Kuna namba nyingine? Nani anayo? Yafutwa namna gani? Muuzaji akicheka, aende duka jingine. Na ikiwa watu wenye bunduki wamesimama nyuma yako usiku, usihesabu mizunguko ya kuwachelewesha. Fungua.

Lakini nimeona ugomvi mkubwa kuliko huo wa wezi na viwanda. Baba hufa ghafula, naye peke yake aliijua namba. Mjane hukaa siku tatu za kilio na sanduku chumbani, hana ya kununua jeneza. Ndugu za marehemu husema yeye aijua, anaficha. Fundi huitwa na keekee, na watu kumi husimama mlangoni kuhesabu kitakachotoka. Siri iliyokingiwa wezi imekuwa mwizi ndani ya nyumba, tena imemwachia mjane jina baya. Namba na iandikwe, ifungwe katika bahasha, bibi ajue bahasha iko wapi, na mtu mmoja wa kuaminiwa nje ya nyumba ajue tu kwamba iko.

Wanaume wengine hunijibu: Bibi yangu ana ndugu wengi, na ndugu zake wana shida nyingi. Sawa. Wewe nawe huna ndugu?