Je, Subira ni Kunyamaza?

Imekuwa ada katika miji yetu kumsifu mwanamume asiyeonyesha huzuni yake, na kusema kwamba huyo ndiye mwenye subira. Nasi twauliza: je, subira ni kunyamaza?

Natumtazame Nabii Yaakub, amani iwe juu yake. Alipopotewa na Yusuf alishika subira njema, na juu ya hayo alilia hata macho yake yakawa meupe. Huenda mtu akatujibu kuwa Yaakub alimshitakia Mungu tu, wala hakuwashitakia watu. Ni kweli, lakini kushitaki ni mbali na kueleza. Mwenye kushitaki huchukia aliyokadiriwa na Mola wake. Mwenye kueleza hutafuta dawa. Bukhari amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Bibi Aisha kuwa kichwa chamuuma. Basi ikiwa kichwa chatajwa, moyo una kosa gani?

Mwaka 2019 ilipoamriwa mizigo ya bandari ya Mombasa ipelekwe Nairobi kwa reli, madereva, utingo na makarani wengi walikosa riziki. Amri ile iliondolewa mwaka 2022, lakini majonzi hayaondolewi kwa amri. Barazani watu walikaa vile vile, kahawa ikapita, mazungumzo yakawa siasa na mpira. Kila mtu alijua kuwa fulani hana kazi, na hapana aliyemuuliza usiku hulalaje. Watu huliita jambo hili heshima. Sisi twaliona ni uvivu wa undugu. Salman alipomzuru Abu Dardaa alimkuta mkewe hana pambo, akauliza sababu, kisha akamwambia nduguye waziwazi kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake. Mtume akamsadiki Salman. Wala Salman hakungoja kuitwa.

Wengi wachelea siri zao kutembea mjini, na wana haki kuchelea. Asiyeweza kuitunza amana asiulize.

Na akiwa mtu hali chakula, hapati usingizi, au ataja kufa, hayo yamepita uwezo wa baraza: apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Kujiua ni haramu, lakini mgonjwa si mhalifu. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua kwapingana na Katiba. Wala tusiambiwe kuwa huu ni utabibu wa Kizungu: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maradhi ya nafsi katika kitabu kimoja na maradhi ya mwili.