WAZO LA LEO: Lupita hakai kiti kimoja

Lupita Nyong'o alitwaa Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza Patsey, mtumwa katika 12 Years a Slave. Angeweza kubaki kwenye filamu za majonzi, hakubaki. Katika filamu nyingine akaigiza mama mjane wa Katwe, Kampala. Kisha mwaka 2019, katika filamu ya kutisha ya Us, akaigiza wanawake wawili wenye sura moja: mmoja anaongea kama jirani yako, mwingine kashika mkasi, maneno yanamtoka kwa kukwaruza, pumzi ikikatika katikati. Na katika The Wild Robot (2024) uso wake hauonekani kabisa. Ni sauti tu, kavu mwanzoni, inayolainika kadiri roboti anayemwigiza anavyomlea kifaranga wa bata bukini. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.