Amana Haifi na Mwenyewe

Ofisi ya mabasi imepokea kifurushi, mwenyewe haji kukichukua, simu yake haipatikani, na miezi inapita. Sasa ni cha nani? Njia ya misafara ya Unyamwezi ilikwisha kulijibu swali hili mara mbili, kwa majibu yanayopingana. Mmisionari David Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, alikuta vitambaa na shanga alizopelekewa kutoka pwani vimeuzwa na Sherif, aliyekabidhiwa kuvifikisha. Utetezi wake, kama Livingstone alivyouandika, ni kwamba alitazamia kwa Kurani akaona mwenye mali amekufa. Tuseme hata aliamini hivyo kwa moyo safi. Bado utetezi hausimami, kwa sababu mali ya marehemu ina warithi: kifo humbadilisha mwenye mali, hakimfanyi mshika amana kuwa mwenyewe. Msahafu aliotazamia, katika Suratun-Nisaa aya ya 58, unaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Ofisi ile ya mabasi inaweza kudai gharama ya kuhifadhi, inaweza kutafuta ndugu wa mteja. Wafanyakazi kukigawana kifurushi ni wizi.

Jibu la pili lilikuja Oktoba 1873, watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walipofika Kwihara, Unyamwezi, na mwili wa bwana wao, aliyefariki Mei huko Chitambo, Zambia ya leo. Safari hii kifo hakikuwa cha kubahatisha. Luteni Verney Lovett Cameron, waliyemkuta pale, aliwashauri wamzike papo hapo, kwani njia ya mbele ilikuwa na hatari. Walikataa. Ushauri ule ulikuwa na busara, sikatai. Lakini wenye haki ya kuamua juu ya maiti ni ndugu zake, nao hawakuwapo Kwihara. Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuwasifu ni kwamba utii wa mtumishi husifiwa na mabwana, hasa katika nchi iliyokuwa ikiuza watu, na Chuma mwenyewe aliokolewa utumwani. Nalipa pingamizi hilo uzito wake. Ila pale Kwihara bwana alikuwa amekufa, na Mzungu mwenye cheo ndiye aliyetaka waishie hapo. Kuendelea hakukuwa utii kwa yeyote aliye hai. Ulikuwa uamuzi wao wenyewe kuhusu kazi waliyoishika.

Waliufikisha mwili Bagamoyo Februari 1874. Ulizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili, na Chuma na Susi hawakuwapo mazikoni.