Kijana Aliyedaiwa

Les Darcy, aliyekulia katika nyumba ya watoto kumi, alikuwa akijifunza uhunzi karibu na Maitland, Australia, hadi ngumi zake zilipoanza kuleta riziki zaidi kuliko nyundo. Septemba 1916, akiwa hajatimiza miaka 21, alimwangusha George Chip, bingwa wa zamani wa dunia wa uzani wa kati, katika raundi ya tisa. Wengi waliamini kwamba ubingwa wa dunia unaotambuliwa kote ungefuata.

Kumtumainia kijana ni kumpenda kwa yale ambayo bado hajayatenda, na upendo wa namna hiyo una hatari yake. Aristotle alifundisha kwamba kinachoweza kuwa kinaweza pia kisiwe. Sisi mashabiki tunashika nusu ya kwanza tu. Tukishaona kipaji tunakihesabu kama mali yetu, kisha tunamdai mwenyewe.

Darcy alidaiwa ubingwa, halafu akadaiwa damu. Vita vya Ulaya vilikuwa vikimeza vijana, na mwili ule ule ulioshangiliwa ulingoni ukaulizwa mbona hauko kwenye mahandaki. Kwa umri wake, hangeweza kujiandikisha bila idhini ya wazazi. Mama yake alikataa. Oktoba 1916, katika mkesha wa kura ya maoni juu ya kuwalazimisha wanaume kwenda vitani, aliondoka kisiri kwa meli kwenda Marekani kutafuta mapambano yenye fedha. Nyumbani wakamwita mwoga. Gavana wa New York akamzuia kupigana. Darcy hakuwa amewekeana mkataba wowote na waliomtumainia, lakini walikasirika kama watu walioibiwa.

Tarehe 24 Mei 1917 alifariki mjini Memphis kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Chuki ikageuka kilio, na umati mkubwa ukajitokeza Sydney kuuaga mwili wake. Wengi walililia ubingwa ambao haukuwahi kuwapo, na hapo, naamini, walimkosea tena. Ushindi dhidi ya Chip haukuwa ngazi ya kupandia kwingine, wala haukungoja taji la Marekani ili upate maana. Chip alianguka kweli. Wazazi wa Darcy walipata nyumba East Maitland kwa fedha za ngumi zake, wakaishi ndani yake. Anayemkumbuka kwa yale tu aliyokosa kuyafikia bado anamdai.